Kitambaa cha Bluu Mtini kwa Rubeni

Kwai, 21 Januari 2024

Kwa shemeji Rubeni,

Onga mshi, habari za kutwa. Huku kwetu ni ukungu na kikohozi, mengine mazima. Goti langu la kushoto bado linatabiri mvua kuliko redio. Yusta mkeo jino limepona? Mwambie namsalimu, na asitafune mahindi ya kuchoma kwa hasira.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu hupokei, na karatasi haina kidude cha kunitoa. Umeshasikia kwamba nimetolewa kwenye kundi la wakulima la kwenye simu. Asubuhi nafungua simu, nakuta Sabra ameniondoa. Sabra huyu katibu, ambaye nimembeba mgongoni akinikojolea. Nikampigia. Akasema, “Shikamoo babu. Umevunja kanuni ya tatu, hakuna kumzushia mwenzako. Utakaa nje mpaka umwombe radhi mzee Rubeni mbele ya kundi.” Shikamoo na kufukuzwa vimetoka mdomo mmoja.

Mimi nilisema nini? Uliweka picha ya mti wako wa plamu, tawi limeinama kwa matunda, ukapigiwa vidole gumba arobaini na viwili. Yangu ya kabichi, wiki ile ile, vitatu, na kimoja nilijipigia mwenyewe. Mariamu wa Lushoto mjini, mjane wa watu, kakutumia hadi maua. Basi nikaikuza picha yako kwa vidole viwili, nikaona tawini kitambaa cha bluu kimefungwa fundo. Nikatuma kundini ujumbe wa sauti, dakika tatu na nusu, kwamba Rubeni kanunua plamu sokoni kazifunga mtini. Nikaongeza kidogo habari za Wakatoliki wa Rangwi, huo ulikuwa utani tu.

Sikuombi radhi. Lakini mwambie huyo binti anirudishe. Tangu dada yako atutoke, kinachoongea nyumba hii ni simu peke yake, na sasa nayo imenyamaza.

Ni mimi shemeji yako,
Hezekia

Rangwi, 4 Februari 2024

Shikamoo shemeji Hezekia,

Barua yako Hashimu wa bodaboda kanifikishia, imelowa upande mmoja ila inasomeka. Sisi wazima. Jino la Yusta lilishang'olewa, sasa anatafuna vizuri na anasema utani wako wa Wakatoliki ameusikia wote, dakika zote tatu na nusu. Nawe goti pole.

Sikupokea simu kwa kuwa nilikuwa na hasira, na wewe ni mkubwa wangu, nisingependa unisikie.

Chukua tena ile picha, kama hujaifuta. Kitazame kitambaa. Bluu, madoadoa meupe. Ni wewe uliyekinunua Lushoto siku ya soko, na dada Paskalina akajifunga kichwani hadi kikachakaa. Mwaka wa mwisho wa uhai wake alikuja hapa na vijiti vya ule mplamu wake wa Kwai, kavifunga kwenye majani mabichi ya mgomba. Tukavibebesha kwenye mti wangu ili viote humo, nikashika kisu nikachanja tawi, yeye akachana kitambaa na kufunga jeraha hilo. Tawi liliposhika nilikilegeza, sikukitupa.

Plamu ulizosema nimenunua sokoni ni zake.

Shemeji yako,
Rubeni

Kwai, 9 Februari 2024

Rubeni,

Salamu utazipata siku nyingine.

Kwa nini akupe wewe? Miaka thelathini na nane nimelala naye nyumba moja, nimekula ugali wake ukiwa mbichi na ukiwa umeungua. Mti ulikuwa uani kwangu. Anavunja vijiti nisione, anapanda kilima mpaka Rangwi, anakufungia wewe na kitambaa nilichonunua mimi. Mlinificha nini kingine?

Hezekia

Rangwi, 18 Februari 2024

Shikamoo shemeji,

Nakusalimu hata kama hukunisalimu.

Hakukuficha. Alisema, “Hezekia kila siku anauita mti wa kulisha ndege. Anataka pale apande kabichi. Siku nikiwa sipo, atachukua shoka.”

Tulipomaliza matanga, nilikuja kukujulia hali nikakuta kisiki.

Shemeji yako,
Rubeni

Kwai, 14 Julai 2024

Kwa shemeji yangu Rubeni,

Habari za siku nyingi. Hujambo wewe, hajambo Yusta, hawajambo ng'ombe? Huku baridi inauma mpaka kuku wanakohoa. Mimi nipo. Nimekaa miezi mitano bila kukuandikia, na bila kundi, na nimegundua kwamba mtu akinyamaza sana huanza kujisikia mwenyewe. Si jambo la kupendeza.

Sikuukata kwa ajili ya kabichi. Kabichi pale hazikuota hata tatu. Kila nikitoka nje asubuhi nauona umechanua mweupe kana kwamba hakuna aliyekufa. Nikauonea wivu mti, Rubeni. Mzee mzima. Nikaukata. Na wivu haukukatika, ukakuhamia wewe.

Haya hapa maneno ya kundini, mpe Sabra ayasome kama yalivyo: “Mimi Hezekia wa Kwai nilimzushia Rubeni. Zile plamu ni zake, na kabla ya hapo zilikuwa za Paskalina mke wangu. Kitambaa nilikinunua mimi nikashindwa kukitambua.” Darasa la nne haliwezi zaidi ya hapo. Ya Wakatoliki nayafuta pia, nusu.

Lakini asinirudishe bado. Naomba vijiti, maana huu ndio wakati wake, miti imelala. Nyuma ya choo kumeota mpichi uliojiotea, shina lake nene kama kidole gumba. Nataka nibebeshe hapo. Vikikauka vyote, nikae nje ya kundi.

Shemeji yako,
Hezekia

Rangwi, 20 Julai 2024

Shikamoo shemeji,

Sote wazima, ng'ombe nao.

Sabra amesoma maneno yako kundini. Vikaja vidole gumba. Sikukuhesabia.

Hashimu anakuletea vijiti vitatu kwenye majani ya mgomba. Kata mshazari, usiguse jeraha kwa vidole vyako vya tumbaku. Na ndani utakuta nusu ya kitambaa. Nusu imebaki kwangu.

Shemeji yako,
Rubeni

Kwai, 22 Septemba 2024

Rubeni,

Viwili vimekauka. Cha tatu kimetoa majani mawili, madogo kama masikio ya panya.

Mwambie Sabra anirudishe, nina picha.

Shemeji