Aliyeitika Jina la Mwanahawa

Sofu, Kibaha
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu,

Shikamoo. Naandika nimekaa barazani, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji, maana joto la huku Pwani leo limegoma kabisa kupungua. Goti lako linasemaje? Nilimwambia kaka Benedikto akupeleke hospitali, akanijibu "tutaona", na "tutaona" ya Benedikto naijua tangu utoto. Mvua zimeshashuka huko Mbinga? Mahindi mmepanda? Mimi mwili ni mzima. Ya moyoni ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Najua unajiuliza kwa nini sikupiga simu. Mama, simu yako unaiweka spika, na jirani yetu mama Kapinga anasikia mpaka ninavyopumua. Haya si ya spika. Vaa miwani, soma mwenyewe polepole, na usimpe Benedikto akusomee.

Kazi yangu unaijua. Nafundisha Hisabati kwenye kituo cha watu wazima hapa Sofu, wale waliokosa sekondari na sasa wanajiandaa na mtihani wa maarifa, ili wakifaulu waruhusiwe kufanya wa kidato cha nne. Jumatano na Jumamosi nakwenda Kurui, ndani kabisa huko Kisarawe, ambako tumeazimwa darasa la shule ya msingi watoto wakishatoka. Wanafunzi wangu wa Kurui ni wanane. Mkubwa wao ni Mzee Kibwana, mlinzi wa zahanati, ana wajukuu sita na magoti yake hayaingii chini ya dawati, kwa hiyo anakaa upande upande kama amepakizwa kwenye baiskeli. Nawagombeza sana, hasira zangu unazijua, lakini nawapenda.

Aliyekuwa anaongoza ni mama mmoja mkulima wa mihogo, Mwanahawa. Alikaa dirishani, dawati la pili, kitenge cha kijani. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu wa hesabu: anafanya vizuri mpaka mstari wa mwisho, halafu anaisahau alama ya hasi. Akikosea hafuti kwa kifutio, analowesha kidole gumba kwa ulimi na kusugua mpaka karatasi inatoboka. Nilimpigia kelele kwa ajili ya kidole hicho hadi nikachoka. Mara ya mwisho kuonana naye alinisindikiza mpaka kwenye bodaboda, sisi wawili tu njiani, akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini hasi mara hasi inakuwa chanya? Visivyokuwepo viwili vinaletaje kilichopo?" Nilikuwa na haraka. Nikamwambia nikirudi nitamweleza.

Sikurudi karibu miezi miwili. Masika yaliikata barabara, bodaboda hazipiti. Wiki za mwisho nilimpigia Mzee Kibwana mara mbili kuuliza darasa, na mara zote mbili alinijibu, "Tupo wote, mwalimu."

Siku niliyorudi nikafungua daftari la mahudhurio, nikaanza kuita bila kuinua macho, kama kawaida yangu. Nilipofika kwa Mwanahawa, sauti ikajibu, "Nipo." Mama, sauti haikuwa yake. Nikainua kichwa. Dawati la pili, dirishani, kitenge kile kile cha kijani, daftari lile lile lenye jalada la gazeti, na ndani ya kitenge mwanamke mwingine kabisa, mdogo kwa umri na mwembamba, ananitazama kama mtu tuliyezoeana naye.

"Wewe nani?" nikamuuliza.

"Mwanahawa, mwalimu."

Nikadhani wananifanyia mzaha. Nikageukia darasa, hakuna aliyecheka. Mzee Kibwana akasema kwa upole sana, "Mwalimu, huyu ndiye Mwanahawa. Endelea kuita." Na wote wakainamisha macho kwenye madaftari.

Baada ya kipindi ndipo Mzee Kibwana aliponieleza. Mwanahawa alifariki wiki ile ile niliyoondoka, homa ya siku tatu. Siku ya arobaini ukoo wao ukamrithisha jina mdogo wake, Zuhura. Akapewa jina, kitenge, jembe na jiko. Watoto wa marehemu wanamwita mama, wakwe wanamsalimia kwa jina hilo, na wakaona darasa nalo ni lake. Ndiyo maana hakuna aliyenipa pole kwa simu. Kwao hapakuwa na pengo la kuniambia.

Nikasema sawa, mila zao, asome. Nitakuwa mkali kwake kama kwa wengine. Lakini mama, mashaka yalianza mapema. Wiki ya pili akakosea hesabu, akalowesha kidole gumba kwa ulimi, akasugua. Nikajiambia ni ndugu, wameleana. Wiki ya nne nikawapa jaribio lile lile la Januari, ambalo karatasi zake nilizifungia kabatini hapa Sofu. Nikalaza mbili mezani, ya marehemu na ya huyu. Swali la nne: hatua zile zile, mstari wa mwisho ule ule, hasi imeachwa, na tundu la kidole mahali pale pale. Nikaweka moja juu ya nyingine, nikainua juani. Matundu yalilingana, nikaona mwanga upande wa pili.

Kisha Jumamosi moja, narudisha vitabu kwenye mfuko, akanifuata mlangoni. "Mwalimu, ulisema ukirudi utanieleza kwa nini hasi mara hasi inakuwa chanya."

Nilishika fremu ya mlango. Labda dada yake alimsimulia kabla hajazidiwa. Labda. Sikuuliza, mama, nilikimbilia bodaboda kama mwizi.

Sasa, kilichokuwa kinanisumbua kuliko hofu ni usajili. Marehemu alikuwa ameshasajiliwa, jina na picha yake vimo. Huyu alitaka kuingia mtihanini kwa jina lile, na ukoo mzima unamtazamia hivyo. Angekamatwa kwa picha tu, matokeo ya kituo chote yafutwe, Mzee Kibwana na wenzake mwaka wao upotee. Dirisha la kusajili wapya lilikuwa linafungwa Ijumaa. Nikaenda kwao na fomu mkononi ili aandikwe kwa jina lake mwenyewe, Zuhura.

Shangazi yao, Bi Tunu, ndiye aliyemrithisha jina. Alikuwa anamenya mihogo, hakuacha. "Mwalimu," akasema, "unawaona wale watoto pale? Ukimwita huyu Zuhura mbele yao, mama yao amekufa leo. Wewe ndiye utakayewapa msiba?"

"Shangazi, huo ni udanganyifu. Ni kosa la jinai!" Nikaongea kwa ukali kweli, nikapiga fomu ile kiganjani. Nilitaja kifungo, nilitaja kila kitu. Wewe ungenisikia ungeona haya kwa ajili yangu.

Aliyenikata kauli ni Zuhura mwenyewe. Aliweka chini sufuria, akamwambia shangazi yake, taratibu, "Nikifaulu kwa jina la dada, atakuwa amefaulu nani? Yeye hayupo. Na mimi nitakuwa nimekwenda wapi? Nakuwa mama, nakuwa mkulima, nakuwa yeye, sikatai. Lakini usiku nikijifunza zile hesabu, anayeumwa kichwa ni mimi."

Kisu cha Bi Tunu kikasimama. Mwisho akasema, "Basi liitwe. Jina la Mwanahawa liitwe hadharani mara tatu, na lisiitikiwe. Ndipo marehemu atajua ameachwa apumzike, na huyu atakuwa huru kujiita anavyotaka." Zuhura akasaini fomu, Bi Tunu akaweka dole gumba.

Jumamosi iliyofuata, saa tisa alasiri, jua linawaka, nikasimama mbele ya darasa kufanya hivyo. Zuhura nilimkalisha mbele yangu nimwone mdomo. Nikaita: "Mwanahawa."

"Nipo."

Mama, nilikuwa namtazama. Midomo yake ilikuwa imefungwa kama bahasha. Sauti ilikuwa ya mwanamke, karibu kabisa, wala si ya nje. Daftari likanidondoka. Sikuita mara ya pili. Nikawaambia kipindi kimekwisha.

Mzee Kibwana akanifuata hadi kwenye bomba la maji. Akasubiri ninawe uso. "Mwalimu," akasema, "nisamehe. Uliyeitika ni wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Sote tumekusikia. Umeita, na umeitika."

Sasa, mama, unajua kwa nini nimekuandikia. Mdomo wangu umezoea. Miaka yote hii nikisikia jina la marehemu likiitwa, naitika.

Hatujawahi kulisema, hata siku moja, kwa hiyo ngoja niliseme mimi. Skolastika hakuwa mimi. Skola alikuwa mdogo wangu, mwenye akili, aliyefaulu darasa la saba na kuchaguliwa kidato cha kwanza, akafa Desemba kabla shule hazijafunguliwa. Mimi nilikuwa mkubwa wake niliyefeli mwaka uliotangulia, Yustina, wa kuchoma mkaa na kuchunga nguruwe. Asubuhi ile ulinivalisha sare yake, ilinibana kwapani, ukanifunga vifungo na kusema, "Kuanzia leo wewe ni Skola. Ukiitwa, itika." Hukulia. Nikaitika. Nimeitika sekondari, nimeitika chuoni, naitika benki na kanisani. Hata umri wa kustaafu nitakaostaafu nao ni wake. Na ndiye mimi niliyekwenda kumpigia kelele Bi Tunu kuhusu udanganyifu.

Sikulaumu. Nilikuwa na hasira nawe wiki mbili nzima, ndiyo maana hukusikia simu yangu, na hasira hiyo imekwisha. Ungefanya nini, mama? Nafasi ilikuwa moja, na binti aliyebaki alikuwa mimi. Lakini kuna jambo sikuwahi kukuambia. Mwaka ule wa kwanza, kila mwalimu alipoita jina na mimi nikajibu, nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi, kama aliyetaka kuitika nikamuwahi. Nilizoea. Nikaacha kumsikia. Kurui ndiko nilikomsikia tena.

Mtihani umekwisha, ulifanyika Kongowe. Wote wanane walilala kwangu usiku wa kuamkia siku hiyo, nimepika wali sufuria mbili, Mzee Kibwana akakoroma hadi tukamhamishia sebuleni. Asubuhi nikawasindikiza hadi getini, mwalimu haruhusiwi kupita hapo. Wakapanga mstari uwanjani, msimamizi akaanza kuita kwa orodha, mmoja mmoja, akilinganisha na picha. Sikuwa nimelifikiria, kwa kweli sikuwa nimelifikiria hata kidogo: jina la marehemu halikuwa limetolewa kwenye orodha.

"Mwanahawa Seif."

Nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili, pale getini, mlinzi ananitazama.

"Mwanahawa Seif!"

Zuhura alikuwa mstarini. Mzee Kibwana nyuma yake alimshika mkono. Hakuna aliyejibu. Nilihisi lile neno limekuja mpaka kwenye meno yangu, mama, nikauma kiganja.

"Mwanahawa Seif, mara ya mwisho."

Kimya. Yule kijana wa watu, hajui lolote, akaandika kwenye karatasi yake na kusema kwa sauti, "Hayupo." Kisha akageuza ukurasa na kuita, "Zuhura Seif."

"Nipo!" Alipaza sauti hadi msimamizi akaruka. Akaingia ndani bila kugeuka.

Alitoka saa sita akaja moja kwa moja kwangu. Kulikuwa na swali la hasi mara hasi. Nikamuuliza kama hakusahau alama mstari wa mwisho. Akanionyesha kidole gumba, kikavu. "Sikufuta kitu, mwalimu." Matokeo bado, lakini nilimkumbatia pale pale barabarani nikalia kwa sauti, watu wakadhani tumefiwa. Na kweli tulikuwa tumefiwa.

Nikarudi nyumbani nikiwaza jambo moja. Mwanahawa ameandikiwa "hayupo" na mtu asiyemjua, na sasa amelala. Skola wetu nani alimwandikia? Hakuna daftari lolote duniani linalosema hayupo, kwa sababu kila alipoitwa mimi nilijibu. Hata msalaba wake kule nyuma ya migomba hukuuandika jina, nafahamu kwa nini, mtu asije akasoma na kuuliza. Amekaa pale miaka yote hiyo bila jina, jina lake liko huku Kibaha linafundisha Hisabati.

Nakuja Krismasi. Nitabeba kopo dogo la rangi nyeusi na brashi. Sitaki ubishi, na Benedikto asiniambie "tutaona". Kazini na benki nitaendelea kuwa yule, nitafanyaje, siwezi kuacha watu wangu wa Kurui. Lakini pale kaburini tuandike jina lake, wewe na mimi, na uliite mara tatu, mama. Ni wewe wa kuliita. Mimi nitasimama kando yako nimefunga mdomo.

Ukimaliza hapo, nakuomba uniite mimi. Sijasikia sauti yako ikilitaja jina langu tangu asubuhi ile ya sare.

Nisalimie Benedikto na mkewe, mama mdogo anayetufinyangia vyungu, babu katekista, na mama Kapinga pia, ila mwambie tu kwamba sijambo. Dawa ya goti nimempa dereva wa basi, ataiacha stendi kwa muuza chai. Pakaa, usiitunze kabatini.

Binti yako mkubwa,
Yustina