Damu ya Kuazima

Kwako Kaka,

Mama alitufundisha kwamba barua haianzi bila salamu, basi nakusalimu. Mimi sasa ni mzima. Wewe sijui, na hata mwenyewe hujui. Ndiyo maana naandika.

Nasikia unawatangazia wenzako gereji kwamba nimekuvunjia harusi kwa wivu. Fundi wenu wa rangi alikuja hadi kibandani kwangu ninakonyolea watu, akaniuliza mbele ya wateja kama ni kweli niliyachezea majibu yako. Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa nimeshika wembe.

Hebu tukumbushane. Mchumba wako aliomba jambo moja tu: kila mmoja apime magonjwa ya zinaa, alete karatasi. Yeye akaleta yake. Wewe ukanywea, ukaja kunibembeleza nikatoe damu kwa jina lako. Ukanipa kitambulisho chako, ukasema pua ya baba itatuvusha. Ukasema mimi ndiye msafi wa ukoo, sijawahi hata kushikwa mkono na msichana. Nikaenda, mjinga mimi. Muuguzi aliitazama picha, akaitazama pua yangu, akanichoma sindano.

Nawe kwa majivuno bahasha hukuifungua. Ulimkabidhi mchumba wako mbele ya mama yake, ukisema mwenye moyo safi haogopi karatasi. Wakaisoma: kaswende. Njia ya mwongo ni fupi. Yako iliishia sebuleni kwa mama mkwe.

Sasa sikiliza. Sikuchezea kitu. Kaswende ile ni yangu. Mwaka jana nilikuwa na mtu, na wewe hukuniuliza. Sikuwa na dalili yoyote. Bila hila yako nisingejua. Nimetibiwa, naye nimempeleka akatibiwa. Lakini shukrani usizitegemee, maana hukunituma ili nipone. Nimekuchukia wiki nzima, na bado.

Juzi nilikwenda kwa mchumba wako nikamweleza yote. Hakulia. Aliniuliza tu, kama ile damu ilikuwa yangu, ya kaka yangu ikoje.

Hajasema kama atakurudia. Amesema Jumatatu saa mbili asubuhi atakuwa kwenye benchi la kliniki, akingoja. Usije kwangu kudai kitambulisho chako, nimempa yeye. Safari hii nenda na mkono wako mwenyewe.

Msalimie mama, mwambie nakula vizuri. Nywele kanyoe kwingine.

Ni mimi mdogo wako wa damu,
ile ile uliyoazima.