Nani Apande Paa la Baba

Butiama, 15 Julai 1984

Mwanangu Magesa,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Makoko, na afya inaendeleaje? Sisi tupo, ila baba yako upande wa kushoto bado haunyanyuki tangu kile kiharusi. Analala chumba cha ndani, na juu yake kuna tundu naona mawingu. Zamani tulikuwaga tunahamisha kitanda, mwaka huu hatuna pa kukihamishia, kila mahali panavuja.

Nimekata nyasi mwenyewe, mizigo arobaini, imekauka vizuri. Kilichobaki ni mtu wa kupanda. Baba yako mdogo Mwikwabe alijitolea, akafukuzwa kwa maneno makali. Unamjua mzee: mwenye nyumba akishindwa anapanda mwanawe, akipanda mwingine ni kama wamemzika. Na mwana ni wewe peke yako. Njoo Agosti, kabla ya vuli.

Mimi mama yako, Helena


Makoko, Musoma, 30 Julai 1984

Mama mpendwa,

Shikamoo, na Baba mpe shikamoo yake. Mimi mzima. Kiwandani tunafanya kazi siku tatu tu kwa wiki, vipuri hakuna.

Sasa sikiliza Mama, habari ya nyasi basi. Nimepata kibali cha mabati ishirini na nne, kimegongwa mhuri kabisa. Watu hapa sabuni tu wanaitafuta mwezi mzima. Hizo nyasi mpe jirani yetu Werema, na wiki ya mwisho ya Agosti mwambie ashushe paa lote la zamani. Kushusha hakuna mwiko. Tarehe mosi Septemba nafika na lori, napigilia siku hiyo hiyo. Sitaki baba yangu alale chini ya nyasi na watu wanajua ana mtoto mjini.

Mwanao, Magesa


Butiama, 9 Septemba 1984

Magesa,

Pokea salamu zetu, tunaishi. Paa tulishusha kama ulivyotaka. Nyasi nilimpa Werema, ameshaezekea jiko lake. Leo siku ya tisa tunatazama barabara. Baba yako analala juani, nimemtundikia kanga. Milimani nyasi zote zimechomwa moto, hata nikishika mundu nitakata nini?

Basi la kuleta barua linapita mara moja kwa wiki, tena likipata dizeli. Jibu upesi. Uko wapi?

Mama yako


Makoko, 18 Septemba 1984

Mama,

Shikamoo. Naandika nikiwa kwenye foleni. Mzigo ulikuja tarehe tano, ukaisha kabla ya kunifikia. Wanasema lori jingine liko njiani kutoka Mwanza. Nikitoka hapa nafasi inapotea, na kibali mwisho wake ni Oktoba. Naona aibu, Mama, mimi ndiye niliyewaambia mshushe paa. Nitakujaje mikono mitupu? Nivumilieni kidogo. Baba mdogo asiguse, nitapanda mimi.

Mwanao, Magesa


Butiama, 25 Septemba 1984

Mwanangu,

Sijui hata nikusalimieje. Jana mvua imenyesha, ya kwanza, na tena ya mawe. Tulimsukuma baba yako chini ya meza, miguu ikabaki nje. Amekohoa mpaka leo mchana. Ukuta wa mashariki umelowa, ukiushika udongo unabaki mkononi. Tumembembeleza ahamie kwa Werema, hataki. Anasema hatoki nyumbani kwake kwa kubebwa akiwa hai.

Werema ametuonea huruma, atabomoa jiko lake aturudishie nyasi. Unanisikia? Nyasi ipo. Mimi bati sitaki, nakutaka wewe. Njoo na hiyo mikono mitupu unayoionea aibu. Nakupigia magoti, mimi niliyekuzaa.

Mama yako, Helena


Butiama, 10 Oktoba 1984

Magesa,

Wiki mbili sijapata hata mstari mmoja. Natumaini u mzima.

Jumapili nikiwa kanisani mvua ilipiga, ukuta wa mashariki ukaanguka. Niliporudi nilimkuta baba yako udongo umemfika kiunoni, na hakuwa ameita mtu. Akaniambia, "Helena, panda." Nikasema mwanamke hapandi juu ya nyumba ya mume wake. Akasema, "Nimekwambia panda. Mwana sina."

Nimepanda siku mbili. Wanawake wa jumuiya walinirushia nyasi ya Werema. Wanaume walisimama barabarani wakitazama chini. Ule upande uliobaki na ukuta nimeuezeka, vibaya, lakini hauvuji.

Baba yako sasa anapumua kwa shida na sauti imekatika. Yale maneno ndiyo ya mwisho kutoka kinywani mwake. Nimekaa nayo siku tatu nikijiuliza nikwambie au nikufiche. Nimeona nikwambie.

Mama yako


Makoko, 11 Oktoba 1984

Mama mpenzi,

Shikamoo, na Baba shikamoo sana. Barua yako ya ile mvua ya mawe nimeipata leo asubuhi, basi lilikuwa limeharibika Bunda. Nimeisoma nikalia mbele za watu.

Lakini tumshukuru Mungu, mabati nimeyapata jana, yote ishirini na nne, nimeyahesabu mara mbili. Lori linaondoka Jumamosi. Barua hii naituma kwa basi la kesho ili initangulie. Werema asibomoe jiko lake. Mwambie Baba avumilie siku moja tu, na asimruhusu mtu yeyote kupanda. Mwambie mwanawe anakuja.

Mwanao, Magesa