Toleo la Nne, na Picha Bado Ina Ukungu

Mshauri wetu mpendwa, nakuletea mzigo ambao nimeshindwa kuutua. Nimeubeba wiki tatu sasa na mabega yamechoka, na kwa umri wangu wa miaka sabini na miwili nilidhani nimeshavuka mambo ya kuwauliza watu wa magazeti.

Nianze na kazi yangu, kwa sababu bila hiyo hutanielewa. Ujanani nilikuwa mwendesha projekta katika jumba la sinema kwa miaka kumi na tisa, na jumba lilipofungwa nikaenda kufundisha umeme katika chuo cha ufundi mpaka nikastaafu. Mke wangu alikuwa mkata tiketi katika jumba lilelile, yeye chini kwenye kidirisha chake, mimi juu kwenye chumba cha mashine chenye joto la tanuri. Sasa mkata tiketi, mshauri, haoni filamu, anaisikia tu kupitia ukutani. Tulipooana aliniambia akicheka, "Mimi filamu zote nazijua, ila sijaona hata moja," nami nikamwahidi kwamba nitamwonyesha zote, moja baada ya nyingine, nyumbani kwake, akiwa ameketi kwenye kiti kizuri. Hapo ndipo ugonjwa wangu wa kukusanya filamu ulipoanzia.

Mkwe wangu, mume wa binti yetu mkubwa, huniuliza kila akija, "Baba, haya yote si yapo kwenye simu? Maboksi ya nini?" Nami humweleza, maana kueleza ndiyo maradhi yangu mengine. Humwambia kwamba mkanda ulipofika jumbani kwetu ulikuwa umeshapita majumba thelathini kabla yetu, umechanika na kuungwa, umekatwa vipande na kila aliyeona pahali hapampendezi, ukiwa na mikwaruzo kama uso wa mtu aliyepigana na paka, kwa hiyo mimi niliyezionyesha filamu hizo kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kuona hata moja iliyo kamili. Halafu leo wanatokea watu wenye subira, wanautafuta mkanda wa kwanza kabisa uliopita ndani ya kamera, wanausafisha picha moja moja, wanarudisha vile vipande vilivyotupwa, wanatia na kijitabu cha kueleza nani alishona nguo na nani alibeba taa, wanaviweka vyote pamoja na diski ya filamu katika kasha gumu, na mimi nalishika mkononi nikijua hakuna wa kuamka kesho akaiondoa, maana za kwenye simu leo zipo kesho hazipo. Na kazi nzuri haifuti zile chembechembe ndogo za mkanda, kwa sababu ukizifuta uso wa mtu unageuka nta. Mkwe husikiliza yote haya kisha husema, "Sawa baba," na kurudi kwenye simu yake.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Ipo filamu moja ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya mshona viatu anayetembea miji mitatu kumrudishia mteja kiatu kimoja alichokisahau, na hiyo ndiyo mke wangu aipendayo kuliko zote. Miaka mitano iliyopita tulikuwa tukiitazama akasema, "Mzee, picha ina ukungu." Nikaitazama, mimi nikaona ni safi, lakini nikajiambia kwamba huyu mwenzangu ana jicho kali kuliko langu lililochoka kwa taa ya projekta, nikatafuta toleo la pili lililosafishwa upya. Likaja. Akasema, "Afadhali, lakini ukungu upo." Nikatafuta la tatu, lenye kasha na kijitabu na mazungumzo ya wataalamu yanayosikika juu ya picha. Akasema, "Pembeni kuna giza." Mshauri, nilijisifu! Tuna kundi la wakusanyaji kwenye simu, watu kumi na wanne wa miji mbalimbali, nikawaandikia kwamba mke wangu ana jicho la mwewe, anaona kasoro ambazo hata waliolitengeneza toleo hawakuziona, na nikawaandikia wachapishaji barua ya kurasa mbili kulalamika kuhusu giza la pembeni, nao wakanijibu kwa adabu kwamba wamelikagua toleo hilo tena na hawaoni giza lolote. Nikawaita wavivu.

Na wakati huohuo alikuwa ameacha kuvisoma vile vijitabu, akiniambia, "Nisomee wewe, sauti yako inafaa," nami nikavimba kichwa. Alikuwa anamimina chai akiwa ameingiza ncha ya kidole kikombeni, nikadhani anapima joto. Kiti chake kilikuwa kinasogea mbele kila mwezi, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikikisogeza.

Toleo la nne liliwasili wiki tatu zilizopita, la kasha la chuma, lililotolewa kwenye mkanda asilia, na siku ya Jumamosi alasiri nikaliweka. Nilikuwa nimeivuta televisheni ili kupanga kabati la nyuma, nikairudisha, nikawasha, mke wangu akakaa. Baada ya dakika chache akasema, "Safari hii umepatia, mzee wangu. Picha safi, mpaka nyuzi za kiatu naziona." Nilifurahi kupita kiasi, nikaenda jikoni kupika chai huku naimba. Niliporudi na sinia nikakuta skrini ni nyeusi tii. Kwetu waya wa picha ni mwingine na waya wa sauti unaokwenda kwenye spika ni mwingine, na ule wa picha niliuegesha vibaya nilipoirudisha televisheni, ukachomoka wenyewe nikiwa jikoni. Sauti ilikuwa inaendelea, mshona viatu anabisha mlango, na mke wangu amekaa ameielekea skrini isiyo na kitu, anatabasamu. Akanisikia nikiingia, akasema, "Njoo, unakosa. Angalia uso wa huyu mama anavyofungua mlango."

Niliweka sinia chini, nikaenda nyuma ya televisheni, nikausukuma waya, picha ikarudi, yeye hakushtuka wala hakupepesa. Nikakaa pembeni yake, nikasema, "Ndiyo, safi kweli." Nadhani alishaelewa zamani kwamba ukungu hauko kwenye diski, akaamua kuisifu hii ya nne ili niache kuhangaika.

Najua kwa nini anaficha. Dada yake mkubwa alipasuliwa macho miaka mingi iliyopita na akatoka hana hata kile kidogo alichoingia nacho, na tangu siku hiyo mke wangu hataki kusikia habari ya daktari wa macho. Nami nina hofu yangu, kwa sababu binti yetu anaishi mbali, na ameshatamka mbele yetu sote, "Siku mmoja wenu akilegea, mama namchukua," na chumba alichonacho ni cha mtu mmoja. Kwa hiyo nimenyamaza. Kibaya zaidi, kila Jumamosi nimeendelea kumwekea filamu na kumuuliza picha ikoje, naye ananijibu, na tunajua kuigiza kuliko hao waigizaji. Nimechoka, mshauri. Ninachotaka kukuuliza ni hiki: je, niwagawie wenzangu wa kundi makasha yote, yapo mia tatu na kitu, nimwambie nimekinai filamu, ili asilazimike tena kujifanya anaona? Au nifanyeje?

Mimi, mwendesha projekta mstaafu.

JIBU

Mzee wangu, shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nilitamani ningekuwa jirani yako nije nikugongee mlango.

Pole kwanza. Kumuona mtu uliyeishi naye maisha yote akiitabasamia skrini tupu ni jambo la kumvunja yeyote, na kosa la kununua matoleo manne silihesabu kuwa dhambi. Uliambiwa picha mbaya, ukatafuta picha nzuri. Fundi akisikia kelele hufungua mashine, ndivyo alivyofundishwa. Na kuhusu makasha yako sina ugomvi nawe. Mkwe wako akikuuliza tena, mwambie mimi nimekuelewa.

Lakini wiki tatu, mzee! Umenieleza mkanda, chembechembe, nta, kasha la chuma, waya wa picha na waya wa sauti, na katika yote hayo hukuandika mahali popote kwamba umeuliza kliniki ya macho inafunguliwa saa ngapi. Umekuja kuniuliza ugawe diski. Diski zina kosa gani? Ukizitoa, mkeo hataona zaidi. Atakachopata ni Jumamosi zisizo na sauti yoyote, pamoja na mume anayemdanganya kwamba amekinai, juu ya uongo mnaoambiana sasa.

Mimi si daktari, na sitakwambia mkeo anaumwa nini. Naweza kukwambia kile kila muuguzi wa macho atakachokwambia. Upo ukungu wa mtoto wa jicho, ambao mara nyingi huondolewa na mtu akaona tena. Upo pia ugonjwa wa presha ya macho, unaoanzia pembeni taratibu, na ulichokula haurudishi. Dawa inalinda kilichobaki tu. Mkeo alikutajia ukungu, kisha akakutajia giza la pembeni. Kwa hiyo huenda kila wiki unayonyamaza ina kitu inachokula. Heshima yako na woga wake haviwezi kuusimamisha ugonjwa, na wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa wafichaji mko wawili, chumba kimoja.

Kesho asubuhi, mkishamaliza chai, mashine ikiwa imezimwa, kaa karibu naye. Usianze na "kwa nini ulinificha". Anza na lako. Sema, "Mke wangu, Jumamosi ile skrini ilikuwa nyeusi. Niliona, nikanyamaza, na nimekudanganya wiki tatu." Kisha funga mdomo. Najua unapenda kueleza, hapo usieleze. Akilia, mwache alie. Akikasirika, ana haki. Akisema "haendi mtu hospitali", mwambie mnakwenda kupimwa tu, na kwamba hakuna atakayemgusa kwa kisu bila yeye kukubali. Na iwe kweli. Yaliyompata dada yake mweleze daktari mapema, yeye akiwepo anasikia, ili amjibu woga wake ana kwa ana. Miaka mingi imepita na vifaa vimebadilika, lakini hilo alisikie kwa daktari, kwako atadhani ni bembelezo.

Binti yenu mpigieni mkishatoka kwa daktari, nyote wawili mko kwenye simu, mkiwa na jibu mkononi. Mtoto anayepewa hofu tupu huchukua hatua ya hofu. Anayeambiwa "mama ana hili, dawa ni hii, baba ndiye atakayeitia asubuhi na jioni" hupata cha kufikiria kabla ya kufunga mizigo ya mtu. Akisema anamchukua mama, mama ana mdomo. Muulizeni mama.

Na filamu, mzee, acha kumuuliza picha ikoje. Hilo swali ni la kikatili sasa, hata kama hukulikusudia. Muulize kama anataka kuendelea kusikiliza, na akitaka, basi msimulie kilicho mbele: nani ameingia, ameshika nini, uso ukoje. Ana mume aliyekariri kila mkunjo wa filamu zile na asiyechoka kueleza. Watu wengi hawana bahati hiyo. Akitaka kupumzika nazo, pumzikeni. Makasha yakae kabatini, hayaozi.

Halafu hiyo siku ya kliniki. Daktari atauliza, "Hali hii ilianza lini?" Wewe utatamani kujibu, kwa kuwa unadhani unajua, utataka kusema miaka mitano, filamu ya mshona viatu, toleo la kwanza. Usijibu. Mwache yeye ajibu. Anaijua siku aliyoogopa mara ya kwanza, na huenda si hiyo yako. Shika mkoba wake, nyamaza, umsikilize.