Mlokole wa Ulingoni

Jumatatu, 6 Juni

Mbavu zinauma hata nikikohoa. Kocha kanipambanisha na jamaa wa uzito wa juu, eti nizoee kupigwa na watu wazima. Nimezoea! Mwishoni nikamchapa ya ini, akapiga magoti kama anayetaka kutubu. Gym nzima ikaangua kicheko.

Baada ya mazoezi kaja promota na kamera. Pambano la Jumamosi litarushwa moja kwa moja mtandaoni, kwa hiyo anataka maneno makali. Niseme nitamng'oa taya mpinzani wangu, yule binti wanayemwita Nyundo. Mwenyewe keshasema yake: atanifanya ninywe uji kwa mrija. Taa ikawaka usoni, nikakwama. Nikasema, "Namwombea atoke salama." Promota akafumba macho kama mtu aliyekanyaga msumari.

Kufika jioni kile kipande kiko kila simu. Jina nimeshapewa: Mlokole.

Nilibatizwa mwezi wa nne. Dada ndiye aliyenipeleka kanisani. Watu wananiuliza: aliyeokoka anawapigaje wenzake kwa hela? Nawajibu ni mchezo, una sheria, una refa, na aliye mbele yangu kakubali mwenyewe. Nikilala najiuliza kama jibu hilo ni la Mungu au la tumbo.

Jumatano, 8 Juni

Dada kaja na miwani ya jua. Ndani ya nyumba!

"Mlango wa kabati, mdogo wangu."

Nikamvua ile miwani. Jicho la kushoto limefumba kabisa, ngozi ya juu ya nyusi imepasuka. Kabati halikunji ngumi. Nawajua wapigao kwa mkono wa kulia, ndiyo kazi yangu. Nikamwambia hivyo. Akalia bila sauti — kumbe hilo nalo mtu hujifunza.

Ni Shemeji. Mzee wa kanisa! Yule anayeongoza maombi ya alfajiri, aliyesimama kwenye kikao akasema mimi na ngumi zangu nautia doa mwili wa Kristo. Simu ya Dada iliita wakati wa kula, Shemeji akauliza. Nani? Mtu wa kwaya. Mtu gani? Basi, kosa lenyewe hilo.

Anasema ni mara ya kwanza. Alipoinua kikombe nikaona kwapani alama nyingine, za njano, zilizoanza kufifia.

Nilishavaa viatu niende. Akanishika nguo. Nikimgusa mumewe, atalipia yeye.

Alhamisi, 9 Juni

Nimekwenda kwa Mchungaji. Bado kijana, ana roho nzuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso kauficha viganjani. Atamwita Shemeji, atamkemea faraghani. Lakini akanisihi tusikimbilie polisi, na jamani isifike mitandaoni, siku hizi watu wanalitafutia kanisa sababu.

"Tunalilinda kanisa au tunamlinda Shemeji?"

Tukaomba. Aliomba vizuri. Nikatoka na amani moyoni — mjinga mimi!

Jumamosi, 11 Juni

Pua imevunjika. Naandika nikihemea mdomoni.

Asubuhi uliingia ujumbe wa Dada: nisiseme tena kwa mtu yeyote. Jana Shemeji katoka kwa Mchungaji, kafunga madirisha, kafungulia nyimbo za injili redioni mpaka mwisho. Kisha akavua mkanda.

Nikapanda ulingoni na ujumbe huo kichwani. Nyundo alipigwa kwa hasira isiyokuwa yake. Raundi ya pili nikampasua juu ya nyusi. Damu ikamwingia jichoni, akawa anajipangusa kwa glovu, anapepesa. Ukumbi unanguruma: Mmalize, Mlokole! Nami nikamwona Dada. Jicho lile lile. Mkono wangu wa kulia ukagoma.

Refa akafoka: pigana! Mkono wa Nyundo haukugoma. Nilisikia pua ikivunjika kama kijiti kikavu. Kisha nikaona taa za darini. Kisha viatu vya refa.

Mtandaoni wameshaandika: Mlokole kageuza shavu la pili, kapewa na la tatu bure.

Nyundo alinifuata chumba cha kubadilishia nguo. "Mbona uliacha?" Nikamweleza habari ya jicho. Akanikumbatia, wote tunavuja damu. Huyo ndiye wa uji na mrija!

Jumapili, 12 Juni

Kanisani sikwenda na uso huu. Nimetazama ibada kwenye simu. Shemeji yuko madhabahuni, suti ya kijivu, sauti ya asali, anawaombea "mabinti waliopotelea kwenye michezo ya damu". Chini yake maoni yanamiminika: amina, amina, vimoyo vyekundu. Dada safu ya mbele, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Kamera ikampita haraka.

Nikaitupa simu ukutani. Bado inafanya kazi, ndiyo mbaya zaidi.

Nilijaribu kusamehe. Nilitamka kabisa, kwa sauti. Mdomo umevimba, labda ndiyo maana neno halikutoka vizuri.

Jumanne, 14 Juni

Mchana nilikwenda kumjulia hali Dada, nikijua Shemeji yuko kazini. Hakuwa kazini. Toka getini nikasikia kitu kinagongwa ukutani, kwa mapigo, wala hakuna anayepiga kelele. Nikasukuma mlango. Kamshika nywele. Kinachogongwa ni kichwa cha dada yangu.

"Mwache, Shemeji!"

"Toka kwangu, mpagani wee!" Akanipiga puani, juu ya bandeji. Dunia ikawa nyeupe.

Ini. Ini tena. Taya. Nilizisikia mbavu zake zikiachia chini ya ngumi yangu. Akaanguka. Hapo palitosha, nalijua hilo kuliko mtu yeyote — aliye chini hapigwi! Lakini refa hakuwapo. Nikampiga akiwa chini. Nikampiga tena. Aliyenivuta ni Dada. Yeye, damu inamchuruzika sikioni, ndiye aliyenivuta!

Sikuogopa kupiga. Niliogopa kwa sababu ilikuwa tamu.

Jirani karekodi kupitia dirishani, tena kaanza Shemeji akiwa keshaanguka, kaacha kabla Dada hajanivuta. Kwenye video Dada haonekani. Nipo mimi tu, namponda mzee wa kanisa aliyelala sakafuni. Promota kanipigia akiwa na furaha ya mtu aliyeokota noti: nijiandae kwa pambano jingine, tiketi zitagombaniwa! Nikamkatia.

Hospitali walimwuliza Dada nani kamfanya hivi. Hakutaja kabati. Alitaja jina.

Jumatano, 15 Juni

Dada kalala kwangu, nyuzi kichwani.

Sasa hivi wako nje. Mchungaji, wazee wenzake Shemeji, na Shemeji mwenyewe, kashikilia mbavu. Nimechungulia pembeni ya pazia: mmoja wao kainua simu, wanarusha, waumini washuhudie upatanisho.

"Wapendwa, tufungulieni," anaita Mchungaji. "Tumekuja kusameheana."

Na Shemeji, kwa ile sauti ya asali, anatangaza kwamba ameshanisamehe. Amenisamehe mimi!

Nilisimama. Ngumi zilijikunja zenyewe. Dada akanirudisha kitandani, akanitia kalamu mkononi.

"Andika. Hiyo mikono yako iwe na kazi."

"Usiwafungulie, Dada."

"Si wanataka watu waone?"

Kavua blauzi. Kajizungushia taulo kifuani, mgongo kauacha wazi. Mungu wangu, mgongo ule! Chuma cha mkanda kimeacha mihuri toka mabegani mpaka kiunoni. Anatembea kama mtu anayekwenda kupokea meza ya Bwana.

Komeo.

"Bwana asi—" Mchungaji hakumaliza.

Dada kaanza kuwageuzia mgongo.

"Zima hiyo simu." Shemeji huyo. Asali imekwisha.

"Acha iwake," anasema Dada, na anazidi kugeuka, taratibu, ili hata walio nyuma waone.

Sauti ya Mchungaji imerudi, ndogo. "Ndugu, simama hapo hapo. Usiingie."

Viatu vya Shemeji vimevuka kizingiti. Bado nimeshika kalamu.