Baba Mkwe, Tusekile Amesoma

Mpendwa Baba mkwe,

Shikamoo. Najua wapo watakaosema mke wa mtoto hamwandikii baba mkwe, tena marehemu, tena hadharani. Waseme tu. Ukiwa hai sikuruhusiwa hata kukutazama usoni, na leo nina habari ambayo kwa kweli ni yako.

Wasiotujua niwaambie: kwetu Kyela, kwa mila ya zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Siku hizi wengi wameiacha, kanisani tunasalimiana vizuri tu. Wewe uliishika. Ukitokea njia ya Ipinda nami natoka shambani, nilijitupa kwenye migomba kama mwizi. Lakini sote wawili tulikuwa walimu, na mwalimu hawezi kunyamaza, loo! Ndipo ukaanza kuongea na kuku.

Unakumbuka? Jioni nikirudi kutoka shule nilikaa nyuma ya jiko nikimenya ndizi, nawe upande wa pili wa ukuta ukiwamwagia kuku chenga za mchele. "Ninyi kuku," ulisema, "mwalimu kabla ya kulala amuulize Mungu: leo ni mtoto gani nimemwacha nje, ilhali alikuwa ndani ya darasa?" Nami nikaijibu sufuria: "Ndaga fijo, asante sana, mwalimu." Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Nilijifunza ualimu kwako kuliko chuoni.

Ulipofariki niliendelea na sala hiyo. Zipo siku niliisali kwa mazoea tu, nimechoka, wino mwekundu bado uko vidoleni. Lakini mwaka huu jina moja lilikuwa linanirudia: Tusekile wa darasa la tatu. Mama yake ni mfinyanzi wa vyungu, wamehamia huku kutoka ziwani, upande wa Matema. Kila nikimsimamisha asome, kimya. Machozi tu. Mwalimu mkuu akasema arudie darasa, asije akatuharibia matokeo ya darasa la nne. Wenzangu wakaitikia. Roho iliniuma, Baba, lakini sikuwa na hoja.

Juzi nikiwa nasali nikajiuliza: mimi mwenyewe niliwezaje kuongea na mtu niliyemwogopa kama wewe? Kesho yake, wakati wa mapumziko, nikamwita Tusekile, nikampa kitabu, nikageuza kiti changu nikatazama ukuta. "Mimi sipo," nikamwambia. "Wasomee madawati." Baba, alisoma! Kwa sauti ndogo, lakini ukurasa mzima bila kukwama. Nilijiziba mdomo kwa kitenge ili asinisikie nikilia.

Siku hiyo hiyo nikampeleka kwa mwalimu mkuu, nikamwomba ageuke. "Mama Lusajo, kwani mimi ni mkwe wake?" akacheka. Mimi nikasimama palepale. Nilikuwa naogopa, moyoni namwambia Bwana, kama ni aibu nipe mimi, huyu mtoto imemtosha. Mwalimu mkuu akanitazama, akaona sina mpango wa kuondoka. Akageuza kiti, akatazama dirishani, kwenye mashamba ya mpunga. Tusekile akaanza. Alipomaliza, mzee wa watu hakugeuka haraka. Akakohoa kidogo, akasema huku akiendelea kutazama dirishani, "Aende darasa la nne."

Tusekile alitoka mbio kumtafuta mama yake. Mimi nilibaki uwanjani, furaha imenijaa, na wa kwanza niliyetaka kumwambia ulikuwa wewe.

Nakukumbuka sana, Baba. Uso wako niliuona vizuri siku ile tu tulipokuaga kanisani, nikashangaa kumbe mume wangu amechukua kila kitu kwako, hadi nyusi. Niliona vibaya kukutazama ilhali wewe huwezi kunitazama, nikapita upesi. Hilo bado linanisumbua. Lakini tunaamini kwamba tutaonana mbele za Bwana, mimi naliamini hilo kabisa, na siku hiyo nitakuja moja kwa moja, nikuamkie nikikutazama machoni. Tafadhali, Baba, usigeuke.

Mke wa mwanao,
Mama Lusajo