Mistari Kumi na Sita ya Fundi

Tarehe 3 Machi

Baba mpendwa, shikamoo.

Natumaini hujambo kiasi, na mama mzima. Mimi niko salama, kazi tu.

Baba, bima ya kazini kwangu wamekataa kulipia kipimo cha MRI ya kichwa chako. Wanasema umeze dawa za maumivu miezi mitatu kwanza, ndipo waangalie tena. Nimewapigia mpaka sikio likapata moto. Kila anayepokea ananihamishia kwa mwenzake. Vumilia kidogo, na usinifiche ukizidiwa.

Kitindamimba wako

Tarehe 26 Machi

Mwanangu, marahaba. Tunaendelea. Mama yako anauliza kama unakula au unakunywa chai tu.

Nilikwenda mwenyewe hospitali, kwenye dirisha la bima. Yule dada wa dirishani hana mchezo. Nilimwuliza hao watu wanataka nini hasa, akanijibu, "Mzee, wao hawakuoni. Neno 'naumwa' wanalisoma mara mia kwa siku. Wape kitu kinachoonyesha unazidi kuumwa."

Nikarudi dukani, nikachukua kitambaa cheupe. Kila asubuhi, kabla sijagusa cherehani, nilishona mstari mmoja kwa mkono, bila kuchora kwanza kwa chaki, na pembeni nikaandika tarehe. Ilipofika kumi na sita nikampelekea daktari wangu. Alikitazama kitambaa, kisha akakipiga picha na kuiambatanisha kwenye rufaa aliyowaandikia bima. Nakutumia na wewe picha hiyo. Usishtuke.

Baba yako

Tarehe 4 Aprili

Baba, shikamoo. Mwili haujambo, moyo ndio haujatulia kwa furaha.

Kibali kimetoka. Daktari wa bima alinipigia mwenyewe, jambo ambalo huwa hawafanyi. Anasema amesoma rufaa kwa miaka tisa na hajaona mgonjwa aliyejipima namna hii. Mstari wa kwanza umenyooka kama ukingo wa meza, wa tisa umeanza kuteremka, wa kumi na sita haujui unakokwenda. Alisaini siku hiyo hiyo.

Nina la kukiri. Nilipokuambia uvumilie, nilidhani ni uzee tu. Nisamehe, baba. Mimi na elimu yangu yote nilipigana nao kwa simu nikashindwa. Wewe umewashinda kwa sindano na uzi. Ofisi nzima nimewaonyesha picha ya kitambaa chako, na najivunia kuwa mwanao.

Kitindamimba wako

Tarehe 19 Aprili

Mwanangu, marahaba. Anayeandika ni mama yako, mimi nasema tu, maana mkono wa kulia umegoma kabisa kushika kalamu.

Wameona uvimbe, upande wa kushoto wa kichwa, mdogo kama punje ya hindi. Daktari anasema uvimbe utatolewa, kisha mkono utarudi, polepole. Tungengoja ile miezi mitatu, mkono usingerudi tena. Upasuaji ni Jumanne, na safari hii bima hawakuuliza kitu.

Usilie, sisi tulishalia kwa niaba yako. Omba ruhusa uje ukae na mama yako siku hiyo, anajifanya jasiri.

Baba yako

Mwanangu, hapa sasa nasema mimi. Hayo maneno mawili ya mwisho, "Baba yako", ameyaandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Yamemchukua dakika kumi, na amenikataza nisimsaidie. Njoo.

Mama